Umehamia mtaa wa sanaa: una haki ya kulalamikia kelele?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Mtaa unachangamka kwa sababu ya wanamuziki, wachoraji, studio na kumbi ndogo. Sifa zinaenea. Mwekezaji anaona soko, anapandisha ghorofa la makazi ukuta kwa ukuta na ukumbi. Mpangaji anahamia, usiku ule ule anasikia ngoma, asubuhi yuko manispaa na barua ya malalamiko. Ukumbi unaamriwa kufunga mapema, mapato yanaporomoka, mwishowe mlango unapigwa kufuli. Na tangazo la kupangisha nyumba za ghorofa lile bado linasema "mtaa wenye uhai wa sanaa"!

Msimamo wangu: aliyetangulia alindwe, na aliyekuja nyuma agharamie kuzuia sauti. Hapo namkusudia mjenzi, wala si mpangaji. Jambo hili linatekelezeka. Jimbo la Victoria, Australia, liliingiza kanuni hiyo katika mipango miji yake mwaka 2014, na Uingereza ikaiweka kwenye mwongozo wa kitaifa wa mipango miji mwaka 2018. Mei 2021 Bunge la Ujerumani nalo lilipitisha azimio la kutaka klabu za muziki zitambuliwe kuwa taasisi za utamaduni, badala ya kuwekwa kapu moja na kumbi za kamari.

Karibuni, mpinge au muunge mkono.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakupinga. Mnaotetea kelele hizi wengi wenu mnakuja Ijumaa jioni na kuondoka. Mimi nalala hapa. Nilikuwepo kabla ya ukumbi, sikuhamia kwa ajili ya sanaa ya mtu.

Tena si kila sauti ni sawa. Sauti ya mwimbaji ukifunga dirisha zito inapungua. Besi, ule mdundo mzito wa chini, haipungui kirahisi. Inapita kwenye nguzo na sakafu, unaisikia kifuani, na maji ya gilasi kando ya kitanda yanafanya viduara. Mtu wa zamu ya alfajiri anaamka saa tisa za usiku akiwa hajapata hata lepe la usingizi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza wastani wa kelele za usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40. Hicho ni kiwango cha mtaa uliotulia kweli kweli. Usingizi wa mtoto wangu haupaswi kuwa ada ya kiingilio cha watu wengine.

Mchangiaji wa pili

Nyote mnagombania spika, mwenye jengo anawatazama tu. Kinachowahamisha wasanii kwa wingi ni kodi ya pango.

Tazameni SoHo, New York. Miaka ya 1960 wasanii waliingia kwenye viwanda vilivyobaki vitupu, wakaishi humo kinyume cha sheria. Mwaka 1971 jiji likaruhusu wasanii waliothibitishwa rasmi kuishi pale. Mtaa ukapata jina, bei zikapaa, na leo unajulikana zaidi kwa maduka ya kifahari. Si malalamiko ya kelele yaliyofanya hivyo. Si mbali na hapo kuna Westbeth, majengo ya zamani ya maabara za simu yaliyofunguliwa mwaka 1970 kama makazi ya wasanii. Bado wasanii wanaishi humo kwa kodi nafuu, kwa sababu jengo liko chini ya shirika lisilotafuta faida. Mnataka mtaa wa sanaa udumu? Ulizeni hatimiliki iko mikononi mwa nani.

Mleta mada

Dada yangu mchangiaji wa kwanza, kanuni ninayoitetea inakulinda wewe kwanza. Kama ukumbi ulikukuta, basi ukumbi ndio uliokuja nyuma, na gharama ni yake: utenganishe jukwaa na sakafu, uweke milango miwili, uweke kidhibiti cha sauti kwenye mitambo. Ukishindwa, usipewe leseni. Huwezi kumwambia aliyezaliwa mtaani avumilie kwa kuwa muziki ni utamaduni.

Mchangiaji wa pili, la hatimiliki nakubaliana nawe mia kwa mia. Ila hata jengo la Westbeth likijengewa ghorofa ubavuni, mpiga tarumbeta atahitaji kinga ya sheria. Yote mawili yanahitajika, na hili la kelele manispaa inaweza kulianza bila kununua jengo hata moja.

Kwa mnaojua ukaguzi wa ujenzi: kipimo cha sauti kichukuliwe wapi, mlangoni mwa ukumbi au chumbani kwa anayelala? Mimi nasema chumbani, kabla mpangaji wa kwanza hajakabidhiwa funguo, muziki ukiwa umefunguliwa kwa kiwango cha Jumamosi usiku.