Kadi ya mchango: mteja haoni pa kuanzia

Fundi Kadi: Wakuu, natengeneza kadi ya mchango wa harusi, saizi A5. Majina, tarehe, namba za simu, vyote nimekoleza kwa herufi nene. Nimekosea wapi?

Mama Chapa: Hapo una makonda watano kwenye daladala moja, wote wanaita kwa pamoja! A5 ina upana wa milimita 148. Acha 14 kila upande, zinabaki 120: zigawe safu wima nne za kupangia, za 27 kila moja, mwanya wa 4 kati yake. Ukubwa wa herufi: majina pointi 28, tarehe 14, mengine 9. Koleza majina tu.

Fundi Kadi: Na maua?

Mama Chapa: Toa. Mama wa bibi harusi atanuna, basi mwachie moja juu.

Mzee wa Mashine: Maandishi yote yaanzie mstari mmoja kushoto.

Fundi Kadi: Jina la bwana harusi halienei.

Mama Chapa: Lishushe mstari wa pili, usilibane.