Naomba ushauri: nataka kupunguza kahawa nihamie kwenye chai, kichwa kinanimaliza

Wakuu habari za saa hizi. Mwenzenu ni mteja wa kahawa ya kijiweni hapa Kariakoo miaka mingi, ile ya kwenye dele juu ya jiko la mkaa na kipande cha kashata, sasa vikombe vimetoka vitatu hadi nane tisa kwa siku maana vile vikombe vidogo vinadanganya, unajiona hujanywa kitu. Matokeo yake saa saba usiku niko macho nahesabu mabati, na kiungulia juu.

Wiki iliyopita nikakata ghafla nikahamia chai ya rangi, loh, siku ya pili kichwa kinagonga kama kimefungwa kamba, kazini nikawa mkali mpaka watu wakauliza kama nimefiwa. Najua ni kafeini ndo inanidai, na chai nayo inayo ila kidogo kuliko kahawa. Siku ya nne nikarudi kijiweni, sioni aibu kusema.

Sasa waliofanikiwa, mlipunguza kikombe kimoja kimoja au mliacha mazima? Na usiku ninywe mchaichai au tangawizi tupu bila majani ya chai? Mama watoto anasema niweke iliki na mdalasini, mi naogopa nitamaliza sukari ya nyumba nzima. Halafu pale kijiweni nitakaaje mikono mitupu jamani, stori za Simba na Yanga bila kahawa haziendi kabisa.