Mbwa wameingia kwa alpaka wangu alfajiri, nianze na kipi ili wasirudi?

MamaAlpaka
Wadau habari zenu, naandika mikono bado inatetemeka maana sijapata usingizi. Nina alpaka watano (wale wanyama wa manyoya wa jamii ya ngamia), kondoo wanane na kuku kadhaa. Leo alfajiri, hata hakujapambazuka vizuri, nikasikia ile sauti ya hatari ya alpaka, wanaofuga wanaijua, kelele nyembamba kali inayokatikakatika, nikatoka mbio na tochi nikakuta mbwa wawili ndani ya malisho wamewakusanya wote konani, mmoja ameshika paja la kondoo haachii. Nikapiga mayowe nikarusha mawe wakakimbia, na walivyotoka ndo kilichoniuma zaidi, walipita chini ya waya pale pale bila hata kutafuta, yaani njia wanaijua.

Kondoo mmoja amekufa. Mwingine ana matundu pajani ila anasimama. Alpaka jike mwenye mimba ya miezi minane hivi simwoni kidonda lakini amelala tu, majani hataki. Na hao si mbwa koko jamani, wana mikanda shingoni na wamenenepa.

Uzio wangu ni nguzo za mbao na senyenge mistari mitano. Wengine wananiambia tafuta lama (ndugu mkubwa wa alpaka) alinde, wengine punda, wengine mbwa wa kulinda, wengine ng'oa uzio wote uanze upya. Vyote kwa pamoja siviwezi. Nianze na kipi? Na huyu alpaka nimfanyeje?

dokta_wa_zizi
Pole sana dada. Uzio utasubiri, anza na walio hai, tena leo hii.

Jeraha la mbwa linadanganya. Juu unaona tundu dogo la jino, chini nyama imepondwa na ngozi imeachana na nyama kwa sababu mbwa anang'ata huku anatikisa kichwa, siku mbili tatu baadaye ndo unakuta pameoza. Kwa hiyo huyo kondoo mnyoe sufu kuzunguka matundu, osha kwa maji mengi yaliyochemshwa yakapoa yenye chumvi, gramu 9 kwa lita moja, ambayo ni kama kijiko cha chai kimoja na nusu. Usishone na usizibe, uchafu ukifungiwa ndani unaua. Daktari aje ampe antibayotiki, dawa ya maumivu na kinga ya pepopunda, maana kondoo na mbuzi pepopunda inawapata kirahisi kwenye vidonda vya namna hii. Vidonge vya binadamu usimpe.

Alpaka ni mnyama anayeficha maumivu hadi dakika ya mwisho. Usimwangalie kwa macho tu, manyoya yale yanafunika kila kitu, pitisha vidole hadi kwenye ngozi mwili mzima, miguu ya nyuma, tumbo, shingo, masikio, ukigusa unyevu au akashtuka fungua manyoya uone. Mpime joto pia, mkubwa akiwa kawaida anakuwa kama 37.5 hadi 38.9, na akikimbizwa na manyoya yote yale linaweza kupanda vibaya, mweke kivulini mpe maji. Usimtenge peke yake, mweke na mwenzake mmoja mtulivu, alpaka akiwa peke yake anazidi kuogopa. Mimba nisikufiche, inaweza kutoka hata siku kadhaa baada ya tukio, kwa hiyo mchunguze nyuma kila asubuhi na jioni na umwambie daktari ana mimba kabla hajachoma sindano yoyote.

La mwisho na usilipuuze: vaa glovu. Mate ya mbwa yakiwa na kichaa yanaingia hata kwenye mchubuko mdogo wa mkononi mwako. Kama ulishashika vidonda mikono mitupu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima kisha nenda hospitali uwaeleze. Huyo aliyekufa msile na msiwape mbwa wa nyumbani.

kijana_shamba
Dawa yao ndogo tu, weka nyama yenye sumu pale wanapopitia. Hawarudi.

dokta_wa_zizi
Hapana ndugu yangu, hapana kabisa. Nimeshaitwa kwenye sumu za namna hiyo. Anakula mbwa wa mtu asiyehusika, anakula paka, ndege wanaodonoa mzoga nao wanakufa, na mtoto anaweza kuiokota. Nchi nyingi ni kosa la jinai na mwenye kesi halali anageuka kuwa mshtakiwa. Na sumu haichagui, ukija kuweka mbwa wako wa kulinda atakufa huyo wa kwanza.

FundiWaya
Dada pole. Mimi kazi yangu ni fensi, nimefunga nyingi na nimefumua nyingi zilizofungwa vibaya, ngoja niseme kwa urefu kidogo.

Senyenge imebuniwa kwa ng'ombe, mnyama mkubwa anayesukuma. Mbwa hasukumi, mbwa anapenya, na manyoya yake yanamkinga na miba, wakati huo huo miba hiyo hiyo inachana manyoya ya alpaka wako na inaweza kumtoboa jicho akibanwa kona kama leo. Mistari mitano si kizuizi kwa mbwa. Na watu wanapopanga fensi ya mbwa wanafikiria juu, iwe ndefu kiasi gani, kumbe mbwa mwingi anaanza chini. Anatembea pua ikiwa ardhini kando ya uzio hadi apate pale udongo umeshuka au maji ya mvua yamechimba, hapo anakwangua dakika mbili yuko ndani. Zunguka uzio wako wote leo, inama, angalia kwa urefu wa macho ya mbwa, utaona njia tatu nne ambazo hukujua unazo.

Kinachofanya kazi ni wavu wa chuma uliosokotwa, matundu madogo chini, urefu mita 1.2 kwenda juu, ukiweza 1.5, umekazwa ukagusa ardhi. Halafu kipande kingine cha wavu ulaze chini upande wa NJE, upana sentimita 50 hivi, kiungane na uzio kama herufi L, kibanwe kwa vigingi au mawe, majani yakiota yanakishika chenyewe. Mbwa anakuja kuchimba pale pale uzio unapoanzia, anakwama kwenye waya, na hana akili ya kurudi nyuma nusu mita akaanzie huko. Hiyo ni rahisi kuliko kuchimba mtaro kufukia wavu.

Ukiongeza umeme ndo kabisa. Waya mmoja nje ya uzio, sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini, umesogezwa mbele kidogo kwa vishikio, na mwingine juu kabisa. Yule wa chini ndo mwalimu, mbwa anagusa kitu kipya kwa pua na pua yake ina majimaji, akipigwa mara moja hiyo sehemu anaikumbuka. Alpaka na kondoo wao wamevaa sufu shoti haiwafikii vizuri, kwa hiyo usitegemee umeme peke yake kuwazuia wao wasitoke. Tumia mashine maalum ya uzio inayopiga kwa vipindi, pigo moja kama kila sekunde. WAYA WA UMEME WA NYUMBANI USICHOMEKE MOJA KWA MOJA KWENYE UZIO, huo unaua mtu. Volti zipimwe kule mwisho wa uzio, siyo karibu na mashine, zisipungue 4000. Zikiwa chini, mara nyingi ni majani yanagusa waya au ethi (muunganiko wa mashine na ardhi) ni mbovu, fimbo za ethi ziwe tatu ndefu na ardhi ikikauka zimwagilie maji.

Geti! Fensi nzuri kisha chini ya geti kuna nafasi ya kupitisha mtoto. Laza gogo au mwaga zege kizingiti.

Ila kama uwezo ni mdogo kwa sasa, usianze na malisho yote. Jenga zizi dogo moja imara karibu na nyumba, walaze humo kila siku kuanzia jioni, kisha malisho utayafunga kipande kwa kipande.

lama_na_kondoo
Naunga mkono fundi. Mimi nina lama miaka mingi na nampenda sana, lakini nataka dada asikie ukweli kabla hajanunua.

Lama dume aliyehasiwa, mmoja tu na kondoo, anawachukua kama wenzake na akimwona mnyama wa jamii ya mbwa anamfuata mbele, anapiga kelele, anatema mate, anapiga teke. Ukiweka lama wawili wanapendana wao kwa wao kondoo wanasahaulika. Kwa mbweha au mbwa mmoja mwoga anafaa. Kwa mbwa wawili watatu walioshazoea kuua, lama mwenyewe anageuka kitoweo, mmoja anamshika mbele mwingine nyuma. Na alpaka msije mkadhani naye ni lama mdogo anayelinda, alpaka ana kilo 50 hadi 80 na kitu, huyo ni wa kulindwa.

Punda vilevile. Jike au dume aliyehasiwa, dume mzima anaweza kuua wana-kondoo. Tena angalieni chakula, vyakula vingine vya ng'ombe na kuku vinawekwa dawa inaitwa monensini, punda na farasi inawaua, kwa hiyo asifikie ndoo za wengine. Na punda hachagui mbwa, hata mbwa wako mwenyewe atamkimbiza.

boma_la_mbuzi
Mbwa wa kulinda mifugo wapo na wanafanya kazi. Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa aina ya Anatolian na Kangal tangu 1994, wanakaa na mbuzi na kondoo ili wafugaji wasilazimike kuua duma. Lakini anaingizwa zizini akiwa mtoto wa wiki nane hivi, anakua na mifugo, na hadi umwamini peke yake ni karibu miaka miwili, kabla ya hapo naye anacheza na wana-kondoo hadi anawaumiza. Kwa tatizo la wiki hii hatakusaidia. Na mmoja dhidi ya wawili ni kumwonea.

MamaAlpaka
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Daktari amekuja. Alpaka alikuwa na matundu mawili ya meno pajani, nilipitisha vidole nikayakuta, kwa macho nisingeyaona kamwe. Amesafishwa, amechomwa sindano, jioni hii ametafuna kidogo. Nimezunguka uzio nimeinama kama fundi alivyosema, nimekuta njia nne na moja ina manyoya ya mbwa kwenye miba.

Mbwa nimejua ni wa nani. Nimemfuata, kaniambia mbwa wake wanalala na watoto, hawawezi kuua. Nimerudi nalia.

mwenye_mbwa_pia
Dada nimekaa na hii siku nzima kabla sijaandika. Mimi niliwahi kuwa huyo jirani.

Mbwa wangu alikuwa mpole, watoto walikuwa wanamvuta masikio. Mtu alikuja mlangoni akaniambia mbwa wako ameua kondoo wangu watatu, nikamjibu vilevile kama ulivyojibiwa. Sikudanganya, sikuamini kweli. Mbwa anayeua kondoo siyo lazima awe na njaa wala mkali, kondoo akikimbia kitu kinawaka ndani yake anafukuza, na wakiwa wawili kila mmoja anamchochea mwenzake. Ndo maana wanaacha wameumiza wengi na hawali. Kilichonifumbua macho si maneno, ni picha aliyonionyesha na sufu niliyoikuta kwenye meno ya mbwa wangu siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo rudi kwake, usiende peke yako, nenda na picha za vidonda, maelezo ya daktari yenye tarehe, na hayo manyoya ya kwenye waya. Muombe vitu viwili tu vya leo, mbwa wafungwe kuanzia jioni hadi asubuhi, na akuonyeshe kadi ya chanjo ya kichaa. Fidia muongee siku nyingine. Akikataa, peleka ushahidi huo huo kwa wahusika wa mifugo au serikali ya eneo lako. Na ujue mbwa akishaonja mchezo ule anarudi, mimi wangu nilimjengea banda lenye uzio na hakutoka tena bila kamba mpaka alipozeeka akafa. Bado nawakumbuka wale kondoo.

MamaAlpaka
Wiki mbili baadaye wadau. Nilirudi na picha, nilikwenda na kaka yangu. Aliziangalia kimya muda mrefu, mke wake ndo alisema tufunge mbwa. Kadi za chanjo nimeziona, ni za mwaka huu. Zizi la usiku limekamilika, wavu na kile kipande cha L, geti nimelaza gogo. Siku moja mbwa mmoja alikata kamba akarudi, asubuhi nikakuta amekwangua nje kwenye wavu uliolala hadi akachoka, hakuingia. Kondoo kidonda kinajaa nyama, alpaka anakula na tumbo linacheza nikiweka mkono.

Swali moja kwa fundi, kuku nao niwaweke humo humo? Wavu wao ni ule mwepesi wa kuku.

FundiWaya
Afadhali dada, nimefurahi. Ule wavu mwepesi unazuia kuku asitoke, mbwa anauchana kwa meno kama kitambaa. Zungushia waya mgumu wa matundu madogo, walau mita moja kutoka chini, na banda liwe na paa. Na kama una sungura, sakafu ya waya isiwe wazi chini, mbwa anavuta miguu yao kutokea nje, weka ubao.