Usukani haurudi wenyewe baada ya kona: naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nipo Tanga mjini, na mwezi uliopita nilinunua gari dogo la mwaka 2006, lililokwisha kutumika, ambalo usukani wake haurudi katikati nikitoka kwenye kona, bali hubaki pale pale hadi niurudishe kwa mkono, jambo linalonitia hofu kwa kuwa gari hilo ndilo linalobeba wanangu kwenda Muheza. Upepo wa matairi uko sawa na alaimenti (kulinganisha magurudumu) imefanyika. Gari likiinuliwa kwa jeki, nikiuzungusha usukani polepole, vidole vyangu huhisi unakaza kisha unaachia, kila nusu mzunguko. Fundi anataka tubadilishe raki nzima, yaani mtambo wa meno unaogeuza magurudumu ya mbele; mimi nashuku jointi (kiungo kinachopinda) ya shafti ya usukani, ile fimbo inayounganisha usukani na raki, imeshika kutu, maana chumvi ya huku pwani haibakizi chuma. Je, nitaithibitishaje kabla ya kununua raki?