1HZ ya gari la watalii: nifunge CT12B, CT26 au turbo ya lori?

DerevaKaratu:

Wakuu habari za kazi. Nina Land Cruiser HZJ79 iliyorefushwa chesisi, ya kubebea watalii. Injini ni 1HZ ya kiwandani, haijaguswa. Tambarare haina shida. Shida inaanza nikiacha Mto wa Mbu kupanda kuelekea Karatu nikiwa nimejaza watu, mizigo na friji: nashuka gia ya tatu, kwenye kona naingia gia ya pili, na nyuma yangu foleni. Kutoka geti la Lodoare hadi ukingoni Ngorongoro ndiyo kabisa, gari halina pumzi na moshi ni mweusi.

Nimepata turbo tatu za mtumba. CT12B iliyotoka kwenye Prado ya 1KZ, hii bei yake iko chini. CT26, muuzaji anasema tu ni ya Toyota. Na moja kubwa ya lori ambayo rafiki yangu ananipa bure. Sitaki mashindano, nataka kupanda na gia ya tatu bila kuua injini. Turbo kubwa si ndiyo nguvu zaidi?

FundiMianzini:

Mkuu, weka pembeni suala la kubwa na ndogo kwanza. Turbo ni magurudumu mawili kwenye shafti moja: moshi wa injini unazungusha turbini, nayo inazungusha kompresa inayosukuma hewa ndani ya injini. Inachaguliwa kwa hewa ambayo injini yako inameza, tena kwenye mzunguko ambao wewe unaendeshea. Gari la watalii mlimani linaishi kati ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 1,600 na 3,000. Hapo ndipo pa kupigia hesabu.

1HZ ina cc 4,164. Kila silinda inavuta hewa mara moja kwa mizunguko miwili, kwa hiyo kwenye 3,000 ni lita 6,250 hivi kwa dakika. Silinda hazijai kabisa, toa asilimia 15, unabaki na lita 5,300. Lita hizo ni zile zile popote ulipo. Kinachobadilika ni uzito wa hewa iliyomo. Dar lita 5,300 zina kilo 6 na kidogo. Ukingoni, mita 2,300 hivi juu ya bahari, presha ya hewa ni kama kPa 77 badala ya 101, na hewa unayopata ni kilo 4.8 tu. Pampu isiyo na kifaa cha kupunguza mafuta mwinukoni inaendelea kupiga dizeli ya Dar. Moshi wako mweusi unatoka hapo.

Sasa weka turbo ya psi 8, ambazo ni kPa 55. Hewa inayoingia kwenye injini inakuwa na presha ya kPa 132, yaani 77 na 55, lakini imepashwa moto na kompresa hadi karibu nyuzi 100, na hewa ya moto ni nyepesi. Bila intakula, kile kipoza hewa kati ya turbo na injini, unapata kama kilo 6.5 kwa dakika. Ukifunga intakula ikashusha joto hadi 55, unafika kilo 7.4. Yaani psi 8 bila intakula, pale ukingoni, zinakurudishia pumzi ya pwani na kidogo juu yake. Nawaambia hivi wateja wangu mapema ili mtu asilipe akitegemea V8.

Hiyo ya lori iache, hata kama ni ya bure. Gurudumu lake ni zito, linahitaji moshi mwingi ndipo liamke, yaani lianze kusukuma hewa ya maana, na kwenye 1HZ litaamka RPM 2,500 huko. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii: pampu ya 1HZ haikutengenezwa kwa turbo, haina kile kidude kinachoongeza dizeli presha ya turbo inapopanda. Ukifungua skrubu ya mafuta, mafuta yanaongezeka saa ile ile unapokanyaga, turbo iwe imeamka au bado. Turbo inayochelewa maana yake ni dizeli nyingi bila hewa, moshi, na joto kali kwenye silinda wakati gari linahema kwenye kona na gia ya pili. Kwa 1HZ, turbo inayoamka mapema si anasa.

DerevaKaratu:

Asante fundi, nimeelewa. Basi CT12B si ndiyo jibu? Ni ndogo, itaamka mapema kuliko zote, na bei yake naiweza.

FundiMianzini:

Itaamka mapema kweli, na utaipenda wiki ya kwanza. Ukitoka Mto wa Mbu utasikia gari linavuta tangu 1,400. Lakini CT12B ilitengenezwa kwa 1KZ, lita 3. Moshi wa lita 4.2 ukifika RPM 2,600 na gari limejaa, ule mlango wa upande wa turbini haupitishi. Moshi unasubiriana kwenye manifoldi, presha inarudi nyuma kwenye silinda, na joto linabaki ndani ya hedi. Hedi ya 1HZ haivumilii hilo. Mwako wake unaanzia kwenye vile vyumba vidogo ndani ya hedi yenyewe, na injini inakandamiza zaidi ya 22 kwa 1. Nyufa za hedi za 1HZ nilizoziona mezani kwangu ziko sehemu hiyo hiyo, kati ya valvu na mdomo wa kile chumba.

Upande wa hewa nao una tatizo la mwinuko. Psi 8 Dar ni kukandamiza hewa mara 1.5. Psi 8 hizo hizo ukingoni ni mara 1.7, maana unaanza na hewa hafifu. Gurudumu linalazimika kuzunguka kasi zaidi kufikisha namba ile ile ya geji. Turbo iliyotosha Tanga inaweza kuzidiwa Ngorongoro, na dereva akiangalia geji anaona iko sawa.

Kwa hiyo nakushauri CT26. Toyota wenyewe waliiweka kwenye 1HD-T, lita 4.2 silinda sita, saizi ya injini yako. Ila usiige na presha yake: 1HD-T inakandamiza 18.6 kwa 1 na mafuta yanapigwa moja kwa moja juu ya pistoni. Wewe kaa psi 7 au 8, na kipimo cha joto la moshi ukifunge kwenye manifoldi, kabla ya turbo. Kwenye mpando mrefu sindano ikikaribia nyuzi 700, ondoa mguu na ushushe gia.

DizeliNakuru:

Fundi amesema ukweli. Mimi naongeza kitu kimoja. Ukishafunga, toboa manifoldi uweke na geji ya presha ya moshi kabla ya turbo, kwa kijibomba kirefu cha shaba ndio joto lisiunguze geji. Linganisha na ile ya hewa. Kama hewa ni psi 8 na moshi ni 9 au 10, turbo inapumua vizuri. Ukiona moshi umefika 16 hadi 20, hiyo turbo ni ndogo kwa injini, hata kama gari linavuta poa. Hapo hakuna haja ya kubishana saizi na mtu, geji zinakuambia.

MwongozaNaabi:

Msisahau filta. Ukishuka kutoka kreta kwenda Naabi, geti la Serengeti, lile vumbi ni jepesi kama unga, filta inaziba safari moja. Ikibana, kompresa inaanza na hewa pungufu zaidi ya ile ya mwinuko. Na mpira wa kutoka filta kwenda turbo ukiwa na ufa mdogo, vumbi linakula ncha za mapanga ya turbo.

DerevaKaratu:

Nawashukuru wote. Kesho naenda kwa muuzaji wa CT26. Niangalie nini?

FundiMianzini:

Kwanza ujue imetoka injini gani. Jina CT26 lipo pia kwenye injini za petroli, 7M-GTE ya Supra na 3S-GTE ya Celica. Ya 3S-GTE ya toleo la pili utaitambua kwa macho: mdomo wa kuingizia moshi umegawanywa mara mbili. Wewe unataka yenye tundu moja, ya 1HD-T, na ikiwezekana ije na manifoldi yake. Manifoldi hiyo uilinganishe na gasketi ya manifoldi ya injini yako kabla ya kulipa.

Halafu shika shafti kwa vidole. Kutikisika kidogo kwenda pembeni ni kawaida turbo ikiwa kavu. Kuvuta na kusukuma usisikie mchezo kabisa. Zungusha huku unasukuma pembeni. Mapanga yakigusa nyumba yake, iache hapo hapo. Chungulia upande wa moshi, ukiona oili mbichi, beringi na sili zimekwisha. Ukileta gereji, bomba la kurudisha oili tutaliingiza kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili, lishuke moja kwa moja bila kona. Likibanwa hilo, hata turbo mpya inavuja.

Nipigie picha ya mdomo wa moshi na ya mapanga ukiwa pale dukani, uniwekee hapa kabla hujatoa hela.