Naomba ushauri: sanrufu ya kuzungusha kwa mkono imegoma kufunga

Wakuu, habari za majukumu. Nina gari la Kijerumani la miaka ya 80, sanrufu yake (dirisha la kwenye paa) ni ya kuzungusha kwa mkono. Imekwama ikiwa wazi kama vidole viwili. Nikizungusha, upande wa dereva unatangulia, wa abiria umebaki palepale. Nahisi waya mmoja wa kuivuta umeruka meno ya gia, au reli imejaa vumbi, na vumbi la Dodoma mnalijua. Fundi mmoja anataka kugonga kwa nyundo, nimekataa.

Je, nikisafisha reli na kupaka grisi ya silikoni itatosha, au lazima nifungue gia ya kishikio nizilinganishe waya upya? Mvua za Desemba hizo zinakuja, na kwa sasa nimeziba kwa nailoni, aibu tupu. Mwenye fundi mtulivu, hata Singida, anielekeze.