Naomba ushauri: kujisalimisha kwa Mungu ni kukaa tu na kusubiri kuambiwa?

Njiapanda (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba mnisaidie kwa Neno na kwa uzoefu wenu pia, maana jambo hili limeninyima usingizi.

Niliokoka nikiwa msichana, na sala yangu ya kila asubuhi ni kwamba Bwana atawale maisha yangu. Sasa nimepata nafasi ya kazi katika mji mwingine. Kazi yenyewe ni halali, mume wangu ameafiki, na watoto bado hawajaanza shule. Nikamshirikisha kiongozi wa kikundi chetu cha maombi ili tuombe pamoja. Baadaye akanijia na kusema Mungu amemwonyesha nisiondoke, na kwamba nikiondoka nitakuwa nimetoka chini ya mamlaka. Aliuita uasi.

Mimi sijaonyeshwa kitu. Nimefunga, nimeomba, mbingu ziko kimya. Nikiifikiria ile nafasi nafurahi, halafu naogopa kwamba furaha hiyo ndiyo mwili unaotaka mambo yake. Wengine kikundini wananiambia aliyejisalimisha kweli hana matakwa tena, anakaa tu Mungu amsogeze. Barua ya kukubali au kukataa inatakiwa karibuni, nami siandiki ndiyo wala hapana. Na kwa ujumla moyo hauko sawa, mimi na dada yangu hatusemezani tangu msiba wa baba, kwa hiyo labda hata sisikii vizuri.

Mtu anajuaje kwamba anamtii Mungu na si kwamba anamwogopa binadamu? Na huko kujisalimisha, siku za kawaida nje ya ibada, ninyi mnafanyaje?

MzeeWaZamu

Amina, binti yangu. Nianze upande ambao huenda hukutaka kuusikia. Usimpuuze kiongozi wako haraka. Waebrania 13:17 inatuagiza kuwatii wanaotuongoza, kwa kuwa wanakesha kwa ajili ya roho zetu. Nimeona watu wakikimbia kila shauri lisilowapendeza na kusema wanamtii Mungu peke yake, na mwisho wake hawamtii mtu yeyote. Rudi kwake, umwulize kwa upole ameonyeshwa nini hasa. Kama ni hatari fulani, aiseme. Kama ni hofu yake ya kukupoteza kikundini, nayo itajitokeza mkizungumza.

Nuru_ya_Asubuhi

Hilo la kutokuwa na matakwa si kweli hata kidogo. Bwana wetu Getsemane alikuwa na alilolitaka na akalisema wazi, kikombe cha mateso kimwepuke. Ndipo akasema, "walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Kama angekuwa hana matakwa, sala ile isingekuwa na kitu cha kukabidhi. Mwambie Mungu unaitaka kazi hiyo. Anajua tayari.

MwanaWaBeroya

Dada Njiapanda, nimesoma ulichoandika zaidi ya mara moja, nami nasema kwa uchungu kwa sababu nimeona watu wazuri wakifungwa kwa namna hii.

Mzee ametaja Waebrania 13:17, na ni sawa. Ila mstari huohuo unasema viongozi hao watatoa hesabu, na Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya 5, anawakataza wazee kujifanya mabwana juu ya kundi. Mamlaka yao ipo, lakini ina mipaka. Kiongozi ana haki kabisa ya kukukemea ukiiba au ukimwacha mumeo. Hana haki ya kuchukua jambo ambalo Maandiko hayakulikataza, akalipiga mhuri wa jina la Mungu, kisha akamwita muasi anayetaka kulipima. Watu wa Beroya walimpima Paulo mwenyewe kwa Maandiko, na Matendo 17:11 inawasifu kwa hilo.

Soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu aliyetoka Yuda alikuwa ameagizwa asile mkate wala kunywa maji kule Betheli. Nabii mzee akamwambia malaika amesema naye, arudi ale nyumbani kwake. Alikuwa anamdanganya. Akarudi, akala, na simba akamwua njiani. Sisemi kiongozi wako ni mwongo, simjui, na wewe hukupewa agizo wazi kama yule. Ninachokiona hapo ni kwamba kusikia unabii kutoka kwa mtu anayeheshimika hakukumwondolea wajibu wake mbele za Mungu.

Kisha soma Matendo 21, maana huko unabii ulikuwa wa kweli. Nabii Agabo akautwaa mshipi wa Paulo, akajifunga miguu na mikono, akasema Roho Mtakatifu anasema mwenye mshipi huu atafungwa hivi Yerusalemu. Ndugu wote wakalia, wakamsihi asiende. Angalia tofauti. Roho alisema kitakachotokea, na "usiende" ikaongezwa na watu, kwa kumpenda. Paulo akaenda. Nao hawakumwita muasi, walinyamaza wakasema, "Mapenzi ya Bwana na yatendeke." Mwulize kiongozi wako lipi aliliona na lipi ni hitimisho lake.

Kuhusu mbingu kuwa kimya: Mungu hakuahidi sauti kwa kila uamuzi. Paulo na wenzake katika Matendo 16 walijaribu kwenda Bithinia, wakazuiwa, wakaendelea mpaka Troa, na huko ndiko Paulo alikoona maono ya mtu wa Makedonia. Walizuiwa wakiwa njiani. Mume wako ameafiki, kazi ni halali, na akili uliyonayo ni zawadi ya Mungu huyohuyo. Kukaa bila kujibu barua nako ni kuamua, ila ni kuamua kwa woga.

MamaWaWatatu

Mpendwa, wote wamekujibu juu ya kazi. Mimi nimekwama pale uliposema hamsemezani na dada yako. Umelipitisha katika sentensi moja, ukaendelea.

Umefunga na kuomba ili ujue mapenzi ya Mungu juu ya mji wa kuishi, na hapo hajasema wazi. Juu ya dada yako amesema wazi kabisa. Mathayo 5:23-24 inataka sadaka iachwe mbele ya madhabahu kwanza, mtu akapatane na ndugu yake, ndipo arudi. Warumi 12:18 inasema kwa upande wetu tukae katika amani na watu wote. "Kwa upande wenu", kwa hiyo jibu lake si mzigo wako, na wala sikwambii kwamba uliyotendewa ni madogo. Misiba huacha majeraha.

Umeuliza siku za kawaida tunafanyaje. Mimi kujisalimisha kwangu nakukuta huko, katika yale ambayo hayahitaji ufunuo. Kusema kweli kazini hata ripoti ikinichafua. Kumlipa aliyenifanyia kazi kwa siku niliyomwahidi. Kufunga mdomo jina la mtu likitajwa vibaya. Kumwomba mtoto radhi nikimgombeza bure. Hakuna anayeona, na karibu kila mara sijisikii kutii. Yale makubwa nayapanga kama watu wote, nikisema kama Yakobo alivyofundisha, Bwana akipenda tutafanya hivi au hivi, na sishtuki sana yakigeuka.

Njiapanda

Mungu awabariki. Mama, la dada yangu nilikuja hapa bila nia ya kuliongelea kabisa, na nimelia niliposoma. Naogopa ukimya wake kuliko ninavyoogopa kuhama. Nitampigia hata kama hatapokea.

Mume wangu naye amesoma haya. Tumekubaliana nitaandika barua ya kukubali kazi, tukiomba Bwana aufunge mlango kama haupendi. Kinachobaki ni kiongozi wetu. Nampenda, amenilea kiroho, sitaki kuondoka kwa kumvunjia heshima. Nitamwambiaje?

MzeeWaZamu

Nenda na mumeo, msiende kwa simu. Mshukuruni kwanza kwa malezi, kwa dhati. Kisha mumeo aseme: tumeliomba, tumelipima, na mbele za Mungu dhamiri zetu zinaturuhusu kwenda, tunaomba utuombee. Msibishane juu ya alichoonyeshwa. Akirudia neno uasi, mwombeni awaonyeshe amri mnayoivunja, mkiwa mmekaa, bila kupandisha sauti. Kama ni mchungaji kweli atawaombea hata kama anaumia. Na asipowaombea, mkifika huko tafuteni kanisa mapema, msikae bila waamini wa kuwaangalia kwa sababu mmoja aliwaumiza.

Na kwa dada yako, binti, usisubiri hadi baada ya kuhama.